Kitanda cha Kando ya Ukuta

Kawangware, Jumanne mchana

Akoth wangu,

Umetoka saa tano kwenda kusukwa, na ukanionya nisiguse begi lako kwa sababu eti nitalipanga upya na kukuvurugia. Sijaligusa. Limesimama pale mlangoni, zipu imefungwa, na mimi nimekaa mezani na daftari ambalo mtu fulani aliacha kurasa tupu nyuma yake. Hizo nywele unazotaka, nyembamba vile, ni kazi ya saa nne au tano. Huo ndio muda nilio nao. Ukirudi nyumba itakuwa imejaa, wasichana wote watataka kukushika kichwa, na kesho alfajiri uko kwenye basi la Kisumu kwenda chuo.

Unajua mimi ni mtu wa maneno. Naongea na polisi, naongea na chifu, naongea na akina baba wanaokuja getini kwetu wamefura kwa hasira, na sijawahi kukosa la kusema. Lakini hili limenishinda kulisema kwa mdomo tangu Jumapili, kwa hivyo naliandika.

Sitakuambia habari za maji ya kuchemsha, wala za wavulana, wala za kufunga mlango mara mbili. Hayo umeyasikia nikiwaambia wasichana wengi sana wanaoondoka hapa, hata unaweza kunisomea wewe. Mwaka jana nilikusikia jikoni ukiniiga, na sauti yangu na kidole changu hewani, wenzako wakacheka mpaka chai ikafurika jikoni. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilicheka pia, ila sikutaka mjue.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Ulikuwa unasukuma chapati, mimi nachoma. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Mum, nikienda, kitanda yangu itakuwa ya nani?"

Na mimi, nikigeuza chapati, nikasema, "Ya mwenye atakuja. Bi Hawa amenipigia, kuna msichana analetwa Thursday."

Ukasema, "Sawa." Ukaendelea kusukuma. Hiyo chapati uliyosukuma baada ya hapo ilikuwa nyembamba hadi meza inaonekana chini yake. Tangu siku hiyo nikikuuliza una nini unaniambia uko sawa. Hiyo "niko sawa" yako naijua, kwa sababu ni mimi niliyekufundisha. Ninaogopa, Akoth. Naogopa utapanda lile basi ukiamini kwamba hapa hukuwa na mahali, na kwamba ukirudi utakuwa mgeni wa kukaribishwa chai. Sitaki uende hivyo.

Acha nianze mbali kidogo, maana mengine ulikuwa mdogo.

Tulikuwa tunakaa Mashimoni, kule Kibera, chumba kimoja kwenye ploti ya Bi Hawa. Unamjua Bi Hawa, Mnubi ambaye babu zake walikuwa Kibera wakati bado ni msitu, na ambaye hadi leo akipita njiani hata walevi wanarekebisha kofia. Baba yako alikuwa amekwenda Mombasa kwa kazi ya ujenzi, akasahau njia ya kurudi. Mimi nilikuwa nafulia watu nguo kwenye maestate. Siku moja mchana msichana wa mlango wa nne akaingia kwetu, akakaa sakafuni, akanyamaza. Alikuwa anamkimbia mtu wa nyumbani kwao. Wewe ulimpa nusu ya ndizi yako. Bi Hawa akaja, akasimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Mama Akoth, huyu mtoto harudi huko leo. Wewe kaa naye. Mimi hao watu wake nitaongea nao."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sikuota ndoto, sikuitwa na sauti. Wageni wakija huwa nawaambia ni wito, kwa sababu wanapenda kusikia hivyo, lakini ukweli ni kwamba mtoto alikuja akakaa sakafuni na sikujua namna ya kumwambia aondoke. Kisha akaja wa pili, na wa tatu. Mashimoni ukuta ni bati, na mtu akimtafuta msichana anauliza watu wawili tu anafika. Ndiyo maana tulihamia huku Kawangware, ambako msichana wa Kibera anaweza kwenda dukani bila mtu kumjua ni wa nani. Bi Hawa akabaki kule kuwa macho yetu. Baadaye tukapata karatasi kutoka ofisi ya watoto, tukapata na masharti: hii ni nyumba ya muda, msichana akae miezi mitatu, kisha arudi kwa ndugu aliye salama au apelekwe mahali pa kudumu.

Ulikuwa na miaka saba tulipohamia. Nilinunua vile vitanda viwili vya dabodeka, vya kulala juu na chini, vya wasichana, na kwako nikaenda kwa fundi wa barabarani, akapiga kitanda kimoja cha mbao, kidogo. Wewe mwenyewe ulichagua kikae wapi: kando ya ukuta, chini ya dirisha, karibu na mlango wa chumba changu. Nilikuambia, "Hiki ni chako." Nakumbuka maneno hayo vizuri, na nakumbuka uliingia kitandani na viatu, nikakugombeza.

Kisha nikajifunza jambo moja kuhusu wasichana wanaokuja. Siku ya kwanza hatumwulizi kitu. Tunampa sabuni, slipa, chupi mpya na chakula, na tunampa kitanda cha peke yake, mahali ambapo anaweza kugeukia ukuta na mgongo wake usiogope kitu. Wengi hawajawahi kulala peke yao maishani. Ukimweka juu ya dabodeka hapati usingizi, ukimweka chini anasikia mwenzake akigeuka juu yake anashtuka. Kitanda kilichofaa kwa siku hizo za kwanza kilikuwa kimoja tu ndani ya nyumba, na kilikuwa chako.

"Wiki moja tu," nilikuambia mara ya kwanza. Ukachukua blanketi lako la maua, ukashuka kwenye godoro la sponji ubavuni mwa dabodeka. Ikawa wiki mbili. Akaondoka, ukapanda, ukalala siku nne, akaja mwingine. Ikawa hivyo miaka kumi na miwili. Kuna wakati sikukwambia hata kwa mdomo. Ulikuwa ukisikia geti na sauti ngeni, unaangalia uso wangu, unaenda unachukua blanketi mwenyewe.

Na mimi nikakusifu. Hapo ndipo najiumiza roho leo. Nilikuwa nasema mbele ya watu, "Huyu mtoto wangu halalamiki." Nilijivunia sana. Unakumbuka yule msichana aliyetoroka na viatu vyako vya shule? Asubuhi tukaamka, yeye hayupo, na viatu havipo. Nikasema, "Angalau ana kitu cha kukimbilia," nikacheka, ukacheka pia, ukaenda shule na viatu vyangu vya kanisa vyenye kisigino, vimejazwa magazeti mbele. Mwalimu akakurudisha. Ukarudi ukiniambia uko sawa. Leo najua kwamba nilikuwa nasifu mtoto kwa kunirahisishia kazi. Mtu akikusifu sana huko uendako kwa sababu hulalamiki, mwangalie vizuri, hata kama anakupenda. Mimi nilikuwa nakupenda.

Sasa nije kwa Nekesa. Si jina lake, sheria yetu ni ileile hata katika barua: jina la msichana halitoki nje ya nyumba. Lakini unajua ni nani, maana saa hii kichwa chako kiko mikononi mwake.

Alikuwa na miaka kumi na minne, wewe kumi na mmoja. Alikaa miezi yake mitatu kwenye kitanda chako, mkawa mnaruka kamba pale nje na kubishana juu ya nani alimaliza sukari. Ikafika muda wa kumtafutia ndugu. Tukampata shangazi yake mtaa wa Raila, mle mle Kibera. Shangazi alisema kwa simu anamtaka mtoto wa kaka yake. Ilikuwa likizo, nikakuchukua twende wote.

Hapa nilifanya makosa mawili, na la kwanza nilifanya hata kabla hatujatoka nyumbani. Nilipiga simu siku mbili mbele kusema tunakuja. Niliona ndiyo adabu.

Tulipofika nyumba ilikuwa inang'aa. Vitambaa vya kochi vinanukia sabuni, chai ya maziwa kwenye thamosi, mandazi yamefunikwa. Shangazi alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, na ilikuwa Jumatano. Hilo tu lingetosha kuniamsha, lakini nililipenda. Tukaomba. Tukanywa chai. Nikatoa karatasi zangu, nikauliza maswali yangu yote: nani anafanya kazi, nani yuko nyumbani mchana, shule iko wapi. Alijibu vizuri kila kitu. Na muda huo wote Nekesa alikuwa amesimama kando ya mlango na ule mfuko wake wa nailoni wenye mistari, ameukumbatia.

Wewe ulikuwa kwenye kigoda na ndazi lako hujaliuma. Ukanivuta nguo. "Mum, hawajamuonyesha mahali ya kuweka begi."

Nikakuambia ushh.

Ukasema tena, sasa kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Sasa atalala wapi?"

Shangazi akacheka kidogo, akarekebisha kitambaa ambacho kilikuwa sawa. "Haki watoto wa siku hizi! Hapa tutajibana tu, mtoto wangu."

Na mimi nikakufinya. Chini ya meza, kwenye mkono, kwa kucha. Tulipotoka nje nikakuambia, "Usiniletee maringo ya Kawangware huku. Watu wa Raila wanalala chumba moja na wanalea watoto vizuri. Umeniaibisha."

Ulijibu kitu kimoja tu. "Mimi sikusema chumba ni kidogo." 

Wiki tano baadaye Bi Hawa akanipigia. "Mama Akoth, yule msichana wako mwenye ulipeleka Raila, mbona ako huku Mashimoni? Analala kwa kibanda ya maji, katikati ya mitungi. Mama wa maji anamfungia na kufuli ndiyo asisumbuliwe."

Hakukuwa na pa kulala, Akoth. Ndivyo ilivyokuwa, kama ulivyouliza. Mume wa shangazi hakuwa amekubali, na chumba kile kilikuwa na kitanda kimoja na watoto watatu sakafuni. Kila jioni Nekesa aliambiwa aende akaombe pa kulala kwa rafiki. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mfuko wake mkononi. Katika nyumba mojawapo alikutana na yaleyale tuliyokuwa tumemwepusha nayo. Sitaandika zaidi. Aliyoyapitia ni yake kuyasema, na akiyasema huwa anakuambia wewe kuliko mimi.

Nilimchukia yule shangazi mwezi mzima. Kisha nikarudi Raila peke yangu, bila simu, nikamkuta anaosha sufuria nje, hana sare wala thamosi. Akaniambia, "Mama Akoth, ningekuambia nini? Ulikuja na makaratasi, nimekupikia chai na maziwa ya jirani. Niseme sina mahali ya kumweka?" Hakuwa mtu mbaya. Alimtaka mtoto kweli. Aliona haya, na ni mimi niliyemwekea ile haya mezani pamoja na kalamu. Nimefanya kazi hii muda mrefu kuliko umri wa wasichana wengine wanaokuja kwetu, na bado sijui jambo gumu kuliko kumfanya mtu mwenye haya akuambie asichonacho. Jambo moja nimejifunza, kwamba lazima uende bila kutangaza, na ukae chini, na usikubali chai mpaka uonyeshwe.

Nekesa akarudi kwetu. Ofisi ilisema miezi mitatu, mimi nikasema atakaa mpaka apone, na akakaa miezi minane. Kwenye kitanda chako. Wewe ukakaa miezi minane sakafuni ukiwa unafanya mitihani, na hukusema neno.

Na mimi, baada ya yote hayo, sikukuomba msamaha. Nilifanya kitu kingine. Nilichukua fomu zetu za kutembelea nyumba, nikaandika kwa mkono wangu juu kabisa, kabla ya maswali yote: Atalala wapi? Onyesha. Tangu wakati huo hakuna msichana aliyetoka hapa bila mmoja wetu kuona kwa macho kitanda au godoro au hata mkeka wake, na msumari au rafu au kona ya kuweka begi. Kuna nyumba tulizokataa kwa sababu hiyo, nyumba nzuri zenye televisheni. Kuna nyumba za bati zilizooza ambako tulimwacha msichana na moyo mweupe, kwa sababu nyanya yake alikuwa ameshapanga mahali na kutandika kanga.

Kisha wakaja wale wageni na kamera. Ulikuwa darasa la nane. Yule mama mwenye miwani akaona swali lile juu ya fomu, akaniuliza nililipataje. Nikamwambia, "Ni experience. Ukifanya hii kazi muda mrefu unajifunza kuona." Wakati huo wewe ulikuwa unaingia na trei ya chai. Ulisimama. Uliniangalia kidogo tu, ukaweka vikombe mezani kimoja kimoja bila sauti, ukatoka. Mgeni akasema una adabu.

Ningeweza kusema pale pale, "Ni huyu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamfinya." Sikusema. Niliona nitaonekana mjinga mbele ya watu waliotoka mbali. Nimeishi na uso wako ule wa trei muda wote huu, na sasa unajua kwamba niliuona.

Lile swali ni lako, Akoth. Nilikuibia. Nisamehe kwa kucha, na nisamehe kwa trei.

Leo asubuhi ulipokuwa umekwenda kuaga kanisani nilitoa godoro lako nje lipate jua. Unajua nimetoa magodoro mangapi kwenye nyumba hii, na unajua wasichana wanavyoficha vitu. Mkate uliokauka, picha ya mama, barua, kisu cha jikoni, wembe, pipi, simu isiyo na betri. Hata yule wa mwezi jana aliyekaa siku sita tu tulimkutia ganda la yai alilolihifadhi, hatukujua la nini. Kila msichana aliyelala kwenye kile kitanda aliweka kitu chini.

Chini ya lako hakukuwa na kitu. Niliinua mbao zote. Nikapapasa hadi ukutani. Msichana wa miaka kumi na tisa, umekulia hapa, na hukuwahi kuficha hata karatasi ndani ya kitanda chako.

Nilisimama pale na godoro mkononi na nikaelewa. Mtu haweki kitu mahali ambapo anaweza kuambiwa ashuke wakati wowote. Vitu vyako vyote vilikuwa kwenye begi lako la shule, siku zote, zipu imefungwa, limesimama kando ya mlango. Mimi nilidhani wewe ni msafi. Nilikuwa nawaonyesha wasichana wengine: mwangalieni Akoth anavyopanga vitu vyake. Na nikakumbuka Raila, wewe kwenye kigoda na ndazi, macho yako kwenye mfuko wa Nekesa. Maskini mimi. Nilikuwa na kalamu na maswali ishirini na sikuona. Wewe uliona mara moja, kwa sababu lile swali ulikuwa unajiuliza mwenyewe kila jioni nyumbani kwangu.

Nilikaa kwenye zile mbao nikalia. Yule msichana mdogo wa chumba cha nyuma akaja akanipa maji na hakuniuliza kitu, maana ndivyo tulivyomfundisha, siku ya kwanza hatuulizi.

Utaniambia, ninakujua, kwamba wale walikuwa na shida na wewe ulikuwa na mama. Kweli, walikuwa na shida. Sijutii hata mmoja aliyelala pale. Lakini sikia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na umri wa Nekesa nilikuwa mboch, natunza watoto wa watu, nalala jikoni kati ya jiko la gesi na gunia la viazi. Niliapa mtoto wangu hatalala jikoni, na hukulala jikoni, na nikaona nimemaliza kazi. Godoro la sponji, blanketi safi, paa lisilovuja, kwangu ilikuwa ni utajiri. Sikuwahi kuona kwamba wewe hukuwa unapima kwa jiko langu la zamani. Huko chuoni unaenda kusomea upimaji wa ardhi, utafundishwa kwamba kabla ya kupima chochote lazima mkubaliane mnaanzia nukta gani. Nilisoma hivyo kwenye kile kijitabu chako, usicheke. Mimi nilianza kupima kutoka jikoni kwa watu.

Na kuna lingine baya zaidi. Chumba changu. Kina kitanda, kina ukuta, kina mlango unaofungwa. Msichana mgeni angeweza kulala pale tangu mwanzo, na kwa kweli ni salama kuliko kando ya dirisha. Kila nilipowaza hivyo nilijiambia haiwezekani, kabati la faili za wasichana liko mle, na sheria inasema lifungiwe. Lakini kabati lina magurudumu, Akoth. Ukweli ni kwamba jioni, baada ya polisi na chifu na vilio, nilikuwa nataka kufunga mlango wangu. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mkarimu kwa kitanda chako. Watu walinipigia makofi, na changu hakuna aliyekigusa. Ukiwa mkubwa na ukapata nafasi ya kusaidia watu, na utaipata, maana umelelewa humu na huwezi kukwepa, angalia kwanza unatoa kitu cha nani.

Basi leo saa sita nimempigia Bi Hawa.

Nikamwambia, "Bi Hawa, yule msichana wa Thursday."

Akanikata. "Usiniambie huna nafasi, mimi mtoto nimeshamwambia, ameshafunga nguo."

"Nafasi iko. Lakini atalala kwa chumba yangu."

"Na wewe?"

"Kwa kitanda ya Akoth."

Nikasikia anavuta kiti. Kisha akasema, "Wallahi, si hiyo ungeifanya kitambo? Mimi nilidhani ni vile unapenda hiyo kitanda yako kubwa." Akacheka mpaka akakohoa. "Akoth anajua?"

"Namwandikia."

"Unamwandikia na mko nyumba moja?"

"Bi Hawa, wacha niandike."

Kabati nimeshalisukuma hadi kona ya sebuleni, na fundi amekuja kubadilisha kufuli. Godoro lako limekauka, nimelirudisha. Karibu na kichwa nimepigilia rafu ya mbao, imepinda kidogo, nimeipiga mwenyewe. Hiyo ni ya vitu vyako. Nimewaambia wasichana wote kwenye chakula cha mchana: kitanda cha kando ya ukuta ni cha Akoth, mimi ninamlindia. Yule mdogo akauliza, "Akikuja je, wewe utalala wapi?" Unaona, swali lako linatembea.

Nilimjibu hivi, na ndivyo ninavyokujibu wewe. Ukija likizo usipige simu. Usinipe nafasi ya kupika chai na kutandika vitambaa. Njoo siku yoyote, ingia, fika hapo chini ya dirisha, ukikuta nimelala niguse bega useme, "Mum, shuka." Nitachukua blanketi langu nitashuka kwenye godoro la sponji. Ikiwa ni siku moja au miezi minane, nitakaa chini. Nikikuambia niko sawa, usiniamini mara moja.

Nasikia geti. Hapana, ni mama wa maziwa.

Nina ombi moja, kisha nimemaliza. Kesho asubuhi kabla hujalibeba begi, fungua zipu. Toa kitu kimoja, chochote, hata kama ni soksi moja, au kile kitana chako kilichokatika meno. Kiweke chini ya godoro, upande wa ukuta. Sitaangalia ni nini. Nitakilalia mpaka urudi.

Mama